Mafuta Ambayo Tone Hakuyatia

Gerejini walimwita Tone, kwa sababu ukimwomba mafuta ya kulainisha bawaba inayolia alikupa tone moja, na hilo moja alilitoa shingo upande. Kazi yake ilikuwa kutunza bunduki za rangi, zile za kupulizia magari. Kaka yake mkubwa alipuliza, yeye akazifungua, akazisafisha, akazifunga. Miaka kumi na tisa walikuwa chanda na pete.

Kila jioni alizilaza juu ya gazeti. Nozeli aliisugua kwa brashi laini, si kwa waya, maana tundu likichubuka rangi hutoka upande. Halafu mafuta mepesi: tone kwenye pini ya kifyatulio, tone pale sindano inapopita, tone kwenye vali ya hewa, na grisi kidogo kwenye springi. Aliyethubutu kuizamisha bunduki nzima kwenye thina, ile ya kuyeyushia rangi, alitukanwa hadi akome. Na yale mafuta ya kung'arishia dashibodi hakutaka hata kuyaona mlangoni, kwani yakigusa bunduki tu, rangi hukimbia na kuacha vitundu ambavyo mafundi huviita macho ya samaki.

Kaka alikuwa akikohoa. Hakikuwa kikohozi cha mafua. Kilimkunja hadi magoti. Barakoa yake ilikuwa kitambaa kikuukuu, na ya maana hakuna aliyemnunulia. Mwenye gereji alishasema bila haya, "Huyu mkohozi akiniharibia gari hata moja, aende kwao." Kwa kaka kulikuwa na mke na mabinti watatu, na Tone, ambaye hakuwa na mke wala mtoto, aliwapenda kama wake mwenyewe.

Jumanne moja lililetwa gari jeusi. Kupitia kioo cha chumba cha rangi Tone alimwona kaka yake akijipaka dawa ya kuchua kifuani, kikohozi kikamkamata, naye akaegemea mlango wa gari kwa kiganja kilekile chenye mafuta ya dawa. Tone aligonga kioo, lakini kompresa ilikuwa inanguruma. Kaka akapuliza. Mara macho ya samaki yakatokea, yamejipanga kama vidole vitano na kiganja.

Tone alijitoma ndani na kitambaa cha thina, akaifuta alama ya mkono rangi ingali mbichi.

"Mdogo wangu, unafanya nini?"

"Nyamaza, kaka. Bunduki ilikuwa na mafuta mabaya. Niliyatia mimi. Umesikia?"

Mwenye gereji aliuona ule mlango, macho yakamtoka.

"Nani kafanya huu upuuzi?"

"Mimi, bosi. Nililainisha bunduki kwa mafuta ya dashibodi."

"Wewe? Wewe unayetufundisha wote humu ndani?"

"Ndiyo bosi. Nilipitiwa."

"Basi kusanya vitu vyako upitiwe kwenu."

Mafundi walicheka. Kicheko kile kilimchoma Tone kuliko kufukuzwa, kwa sababu jina zuri ndilo pekee alilokuwa nalo duniani. Kaka aliangalia viatu vyake. Msimlaumu, mwenye watoto watatu hasemi ukweli wake ovyo.

Mwenye gereji hakuajiri mtu mwingine wa bunduki. Kaka akawa anapuliza mchana kutwa, kisha anabaki mlemle chumbani, madirisha yamefungwa, kuziosha mwenyewe kwa thina. Tone alimsihi aache. "Niache vipi," kaka alimwuliza, "na wewe umejitoa kwa ajili yangu?" Mwezi wa nne tangu Tone afukuzwe, kaka alishindwa kupanda ngazi mbili za mlango wake. Wa tano wakamzika.

Siku ya maziko shemeji alimshika Tone mikono yote miwili, mbele ya watu.

"Shemeji, Mungu akulipe. Bila wewe wangemfukuza siku ileile."

Wangemfukuza siku ileile. Pengine angekuwa amekaa barazani sasa hivi, hana kazi, ana hasira, anapumua. Tone alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Pole, shemeji," alisema, akaenda kusaidia kupanga viti.