Magego ya Kidege

Fundi cherehani yule alianza kung'olewa meno kabla hajaolewa. Kufikia siku alipompata binti yake mdogo, upande mmoja wa taya lake ulikuwa mtupu. Alitafunia upande wa pili, na akicheka huziba mdomo kwa kiganja. Basi binti huyo, ambaye nyumba nzima ilimwita Kidege, alipoota magego yake ya kwanza ya kudumu, mama aliapa kwamba yaliyompata yeye hayatampata mwanawe.

Kwenye mkutano wa wazazi shuleni, muuguzi wa meno alieleza jambo ambalo hakuwahi kulisikia. Juu ya magego kuna vijishimo na mifereji myembamba ambamo mswaki haufiki, chakula hukwama humo na jino likaanza kuoza. Lakini gego likiwa bado jipya, linaweza kupakwa utando mwembamba unaoziba vijishimo hivyo. Hakuna sindano, hakuna kuchimba. Mama alitamani angezaliwa leo.

Siku ya kwenda kliniki ikaangukia wiki ya kufungua shule, sare zimerundikana mpaka juu ya meza ya kukatia. Mumewe, aliyekuwa kinyozi, akamtuliza.

"Niachie mimi, mama Kidege. Kwani mtoto si wangu?"

Jioni walirudi wameshikana mikono.

"Mmepaka?"

"Tumepaka," akasema baba.

"Ulilia, mwanangu?"

Kidege akamtazama baba yake kwanza. "Sikulia."

Mama akachukua tochi, akachungulia. "Mbona sioni kitu?"

"Utaona nini? Kitu chenyewe kama maji. Ulidhani rangi ya kucha?"

Wakacheka wote watatu. Mama akachungulia tena, na safari hii akaona, au alidhani ameona, magego yanameta.

Tangu hapo akawa mhubiri. Mteja akija kupimwa gauni, hatoki bila kusikia habari za utando. "Kidege, hebu njoo uachame." Kidege anaachama. Wanawake wanainama, wanaguna, wanasema kweli, jamani, yanameta. Baadhi yao wakawapeleka watoto wao. Mara nyingine kinyozi hupita hapo dukani, akawakuta wamemzunguka binti yake, akatabasamu na kwenda zake.

Mwaka haukuisha. Siku moja wakiwa mezani, mama akamwona Kidege anahamishia tonge upande mmoja wa mdomo. Kutafuna kwa namna hiyo alikujua vizuri mno. Kesho yake aliifunika cherehani, akampeleka kliniki mwenyewe.

Daktari, dada mmoja mwenye sauti ya chini, alichungulia kwa kioo kidogo. "Hili limeanza kutoboka. Na mengine hayana utando."

"Yanao. Baba yake alimleta hapa hapa."

"Utando huweza kubanduka, mama, ndiyo maana tunawaita tuukague. Lakini kwenye magego yote manne, usibaki hata kidogo?" Akamgeukia mtoto. "Uliwahi kukaa kwenye kiti hiki?"

Kidege akatazama viatu vyake. "Baba alisema nisiseme."

Njia ya mwongo ni fupi. Mtoto alieleza yote pale pale: walifika mlangoni, wakasikia mtu anaugulia ndani, yeye akaanza kulia, na baba akaanza kutoka jasho. Wakaenda kutazama watu wakifanya mazoezi ya mpira. Njiani kurudi, baba akamfundisha la kusema.

Mama alimsubiri mumewe sebuleni.

"Alilia, mke wangu," akasema kinyozi. "Nilimwonea huruma."

"Wewe unapitisha wembe kwenye koo za watu kutwa nzima, ukaogopa kiti?"

"Niliogopa."

"Ungeniambia. Ningeacha sare za watu nikaenda naye. Kuogopa si kosa, baba Kidege. Lakini uliniona naachamisha mdomo wa mtoto mbele za watu, ukapita. Huruma yako siku hizo ilikuwa wapi?"

Mume akavuta kiti akaketi, mama akaendelea.

"Na mtoto umemfundisha kunitazama usoni akanidanganya. Hilo nani atalichimbua?"

Jino lililotoboka likachimbwa na kuzibwa. Matatu yaliyobaki yalipakwa utando, baba akiwa ameshika mkono wa mtoto kwa amri ya mama. Yakasafishwa, yakapakwa dawa, yakaoshwa na kukaushwa, kisha utando ukapitishwa kwa kibrashi na kumulikwa kwa taa ya buluu.

"Ndiyo hivyo tu?" akauliza Kidege.

Kinyozi akaangua kicheko cha aibu, akamtafuta mkewe wacheke pamoja. Mkewe alikuwa anatazama ukutani.

Kilichokuwa kigumu zaidi ni kuwarudia wateja. Aliwaambia mmoja mmoja: utando ni kitu cha kweli, ila mdomo niliowaonyesha haukuwa nao. Wengine walimpa pole. Mmoja alicheka mpaka akakaa chini, na fundi akamngoja ainuke, akaendelea kumpima kiuno.

Kinyozi aliomba radhi, na si mara moja. Akawa anamchemshia chai, anampelekea dukani. Mkewe hupokea, husema asante, hunywa. Lakini mume akimwambia bomba la uani amelifunga, yeye huenda uani akalikaza kwa mkono wake. Mume humwona, na hathubutu kumuuliza.