Kuku Jike Aliyewika

Nilipokuwa mtoto pale Wanale, kuku jike hakuwa na ruhusa ya kuwika. Hiyo ilikuwa sheria ya Kukhu, bibi yangu mzaa baba, na Kukhu hakuwa mtu wa kubembelezwa. Jike akiwika, alisema, kuna mtu wa nyumba hiyo aliye safarini ambaye hatarudi. Dawa ni moja: aliyemsikia aseme papo hapo, na kuku achinjwe kabla jua halijazama. Na huyu ni mwanamke aliyebatizwa, mwenye benchi lake la pili kanisani, aliyemsahihisha katekista akikosea wimbo. Msiniulize. Nina digrii nzima na siwezi kulieleza hilo.

Kuku wetu tulimwita Sista, maana alikuwa mweusi mwenye shingo nyeupe kama mtawa. Nilimlea mimi tangu kifaranga. Mwaka ule, nikiwa na miaka tisa, Mama aliahidi mbele ya kina mama wa kanisa kwamba Sista atakuwa sadaka yetu ya Krismasi. Mwaka uliotangulia alikuwa amepeleka kimkungu cha matoke chenye ndizi nyembamba kama vidole vya mtoto, na wale wacha Mungu wenye vilemba vyeupe walimcheka wazi wazi. "Bannange! Na mume yuko kiwandani Jinja!" Watu wa sala hao. Kwa hiyo Sista ndiye aliyekuwa heshima ya Mama, na mimi nilichaguliwa kumbeba hadi madhabahuni, na kwa kazi hiyo nikashonewa gauni jipya.

Siku mbili kabla ya Krismasi, Mama akiwa kanisani anapamba na Kukhu amejilaza ndani, Sista alipanda juu ya rundo la kuni, akanyoosha shingo, akawika. Si ule mlio wa kutaga. Aliwika kama jogoo mwenye mafua, lakini aliwika. Na Baba alikuwa anasafiri kutoka Jinja kesho yake.

Nilitazama dirisha la Kukhu. Kimya. Nikamrushia Sista kigunzi. "Shut up!" nikamwambia, Kiingereza chote nilichokuwa nacho. Kisha nikanyamaza mimi mwenyewe.

Kesho yake Baba hakufika. Saa kumi, saa kumi na mbili, simu haipatikani. Mama alipiga mpaka kidole kikamuuma. Kukhu alikoroga malewa, yale machipukizi ya mianzi, na karanga bila neno, yeye ambaye hakupikaga bila kugombana na mtu. Mimi nilishajua: nimemuua baba yangu kwa ajili ya gauni.

Asubuhi ya Krismasi Mama alijifunga kilemba chake, macho mekundu. "Twende. Nilitoa ahadi."

Nilimbeba Sista. Tulipofika madhabahuni, kanisa zima kimya, sadaka zikiombewa, akawika tena. Safari hii vizuri kabisa, kama mtu aliyefanya mazoezi.

Minong'ono ikazuka benchi kwa benchi. Nilimtazama Kukhu nikingoja asimame, apige kelele. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Hata Petro aliwikiwa," katekista alisema. "Tuendelee."

Lakini baada ya ibada, kwenye mnada wa sadaka nje ya mlango, watu walewale waliotoka kukiri imani walirudi nyuma hatua mbili Sista alipoinuliwa. Mihogo ilikwenda. Mayai yalikwenda. Sista, hakuna mkono.

"Katekista, huyo kula wewe na watoto wako!" mama mmoja wa kilemba akasema, na wenzake wakacheka. Mama alisimama pale akiuma midomo. Nilitamani ardhi initie mfukoni.

"Mimi namchukua! Mnamwogopa kuku?"

Sauti ilitoka nyuma. Baba! Tope hadi magotini, mkate umebanwa kwapani. "Nimelala njiani, Tirinyi, ndani ya teksi iliyokufa, simu imezima, tumbo tupu. Afande, nipe huyo kuku nimle!"

Katekista akampigia saluti kwa kucheka. Mama alikaa chini palepale kwenye majani. Nililia mpaka makamasi yakaingia kwenye gauni.

Mchana, Kukhu alipokuwa ananyonyoa manyoya, nikashindwa kuvumilia.

"Kukhu, nilimsikia. Juzi, kwenye kuni. Sikusema."

Hakuinua kichwa. "Hata mimi nilimsikia."

"Ulikuwa umelala!"

"Nani alale na kelele ile?" Akang'oa unyoya. "Ningesema, angechinjwa, mama yako angekwenda kanisani mikono mitupu. Wale wanawake wangemla yeye."

"Na Baba?"

"Nilimwombea. Kwa Yesu, na kwa wale wengine pia. Leta maji."

Siku hizi nakaa nyumbani na bahasha ya vyeti, na shangazi zangu wanasema kuna mtu amenifunga bahati. Nawajibu vibaya, nakubali. Mimi najua ofisi zilizonifungia mlango, hazina manyoya. Lakini kwa Kukhu ulimi unakwama. Yeye aliamini kabisa, bila mzaha, kwamba kunyamaza kungeweza kumgharimu mwanawe wa kiume wa pekee. Akanyamaza, ili mke wa mwanawe asichekwe. Sijui kama nimwite mkatili au nimwite mtakatifu. Najua tu kwamba usiku ule wa kumngoja Baba tulilala chumba kimoja, mimi na yeye, kila mmoja akijihesabu muuaji peke yake, na ningenyoosha mkono gizani ningemgusa.