Risasi ya Mwisho ya Einar

Verlin, fundi bunduki wa kule Montana, aligombana hata na bisibisi zake. Ragna alipomletea bunduki ya marehemu mumewe Einar, ile ya kupakia risasi moja moja, fundi alifoka.

"Risasi zake hazitengenezwi tena! Nitaipanua chemba, tundu linalokaa risasi, ipokee hizi za dukani."

"Usiniharibie, Verlin."

"Nimeiharibu lini, mama wee?"

Aliipanua kwa mkono, taratibu, akitia mafuta na kufuta vumbi la chuma. Zamani Einar angekuwa pale kwenye stuli, kahawa mkononi, akimkosoa. Mara mbili Verlin aligeuka kumjibu, akaikuta stuli tupu. Mwishowe akagonga chapa ya jina la risasi mpya kwenye mtutu, chini ya lile la zamani. La zamani hakulifuta.

Ragna aliporudi kuichukua, alitoa mfukoni risasi ya mwisho ya Einar, akaitumbukiza kwenye chemba. Ikapwaya. Verlin akasubiri kutukanwa.

"Hata koti lake," Ragna akasema, "lilimpwaya hivi hivi msimu ule wa mwisho wa baridi."

Verlin akamvutia stuli ya Einar.

"Kaa. Kahawa ipo."