Pikipiki ya Umeme na Gunia la Machungwa

Nimefundisha nishati ya jua chuoni hadi wanafunzi wakaanza kunitania kwamba nalisomesha jua nikiwa kivulini. Ndiyo maana, pikipiki ya umeme tuliyoiunda chuoni ilipokuwa tayari, niliamua kuiendesha mwenyewe kutoka Kitui mjini hadi Zombe. Kioko, mwenyekiti wa bodaboda wa huko, alikuwa amenipa sharti: ikifika kwa magurudumu yake kabla ya jua kutua, wenzake watakubali kituo cha kuchajia. Ikiletwa na pikapu, nirudi nayo kwetu Wote na nisiwapotezee wakati tena.

Asubuhi, nyumbani Wote, Makueni, Mama hakujali sharti la mtu. Alichojua ni kwamba dadangu Mwende ameolewa Zombe, na kwetu huendi kwa mtu mikono mitupu. Akanifungia gunia la machungwa. Nilipojaribu kumweleza habari za uzito na betri, aliniuliza kama digrii zote hizo zimeshindwa kubeba machungwa. Nikalipakia.

Kitui mjini tuliishusha pikipiki kutoka kwenye gari la rafiki, nikashika njia. Hadi Chuluni nilikuwa nikiimba ndani ya helmeti, na kwa kuwa injini haina kelele, mbuzi walinisikia mimi kwanza. Kisha vikaja vilima, mchanga na upepo wa uso kwa uso. Hesabu yangu haikuwa na gunia. Taa ya chaji ikawa nyekundu na Zombe bado iko mbali. Niliogopa, nasema kweli. Niliona kazi yangu ya miaka yote ikirudi Wote juu ya pikapu.

Adhuhuri nilijikokota hadi kwenye kisima chenye pampu ya sola. Msimamizi wake, Mama Mutheu, alikuwa ameizima kwa sababu tangi limejaa, na paneli zimekaa bure juani. Nilijitambulisha kuwa daktari wa chuo, si wa hospitali, naye akaniruhusu kuchomeka chaja. Swali lake lilikuwa moja tu: nimekula? Nikamwambia nina haraka, nangojwa.

"Haraka ya kwenda wapi na hiyo kitu imelala?" akasema. "Kaa chini, Daktari. Wewe kula muthokoi, na hiyo pikipiki pia ikule. Mkimaliza mtaenda."

Nilikula sahani ya kwanza nikitazama saa. Nikila ya pili nilisahau saa, maana mahindi na kunde vilikuwa vimeiva barabara, naye alitaka habari zote za Makueni. Nilipoinuka, betri ilikuwa na chaji ya kunifikisha. Nilimwachia nusu ya machungwa, na kilima kilichofuata kilinishukuru.

Jioni, jua likiwa bado juu, niliingia Zombe. Kioko aliizunguka pikipiki, kisha akauliza lile nililoliogopa: nilingoja kwa muda gani? Nikajibu ukweli, muda wa sahani mbili kwa Mama Mutheu. Yeye na wenzake wakaangua kicheko.

"Hapo kila mtu hungoja," Kioko akasema, "hata wa petroli. Huyo mama hawezi kukuacha upite na njaa. Weka kituo hapo. Tutakuja."

Kesho yake nilirudi Wote kupitia palepale, na Mama Mutheu hakutaka kusikia kwamba nimeshakula kwa Mwende. Vituo vyote nilivyowahi kuchora vilihangaika kupunguza kungoja. Mchoro mpya, wa kituo cha kwa Mama Mutheu, nimeutundika darasani. Wanafunzi wameuliza lile duara kubwa kati ya paneli na betri ni kifaa gani.

Nimewaambia ni sufuria.