Pindo la Kanga Nyekundu

Watafuta gesi walipofika Tungue, binti yangu alikwenda kupika kambini kwao, nami nikabaki na shamba la mihogo na njugu pembeni mwa msitu. Mume wangu alikwisha kufa zamani. Sina haja ya kuficha: nilikuwa mpweke hata nikawa naisalimia mihogo.

Aliyenijibu ni kindi. Mdogo mno, hazidi kiganja changu, na kwake ni tundu la mti mmoja mpakani mwa shamba. Kila asubuhi alishuka kuniibia njugu nilizoanika, kisha akapanda tawini kunikemea kana kwamba mwizi ni mimi. Mwanzoni nilimtupia mawe. Baadaye nikawa namwekea fungu lake juu ya kinu kilichopinduliwa, na asipokuja mapema nilinuna. Jirani yangu alinicheka, akasema nimepata mchumba. Akipenda, chongo huita kengeza.

Kisha wapimaji wakaja kufungua njia msituni, wakafunga tepe nyekundu kwenye baadhi ya miti. Kwetu mti uliofungwa kitambaa ni wa mizimu, hata kuni zake zilizokauka haziokotwi. Nikasema kumbe wageni hawa wana adabu, wameuliza wakaelezwa. Lakini mti wa kindi wangu haukufungwa kitu. Niliogopa sana. Nikachana pindo la kanga yangu nyekundu, nikalizungusha shinani, nikapiga mafundo mawili, nikaenda zangu kisimani na moyo mweupe.

Siku ya tatu nilitoka kwa jirani nikaukuta mti umelala. Tundu lilikuwa limepasuka, ndani mna manyoya na maganda ya njugu zangu. Nilimfuata mkalimani wao, mtu mzima wa bara, nikamuuliza kwa hasira wamewezaje kukata mti wenye kitambaa. Akanitazama, akainamisha kichwa.

"Yenye chekundu ndiyo ya kukatwa, mama, mkubwa wetu, chefe, kasema hivyo. Huu haukuwemo. Kaufunga nani?"

Kanga yenyewe nilikuwa nimejifunga kiunoni, na mahali ilipochanika palionekana. Nadhani alipaona, maana hakuuliza tena.

Kesho yake nilianika njugu kama kawaida, nikaweka na fungu juu ya kinu. Jioni nilizianua zote.