Zizi la Vipara la Mama Biasha

Mama mkwe wangu, Biasha, hafugi mbuzi mwenye pembe. Sababu ni jicho la kushoto la mume wangu Lukumani. Akiwa na miaka minne, beberu alimgeukia zizini hapa Narung'ombe, na jicho halikupona. Beberu aliliwa siku hiyohiyo. Tangu hapo kila mwanambuzi aliyeota pembe alikwenda sokoni au chunguni, wakabaki wasio na pembe, tunaowaita vipara, pamoja na beberu kipara.

Nilipomzaa Zuena, mwaka 1954, Mama alimpa mjukuu mbuzi jike mchanga, ili akue na mifugo yake. Tukangoja mbuzi ashike mimba. Akaota ndevu, akanuka kama beberu, akaanza kuwapanda wenzake. Nilimtazama nyuma nikaona si jike wala si dume. Nikaendelea kumkatia majani, maana mkwe ni mkwe.

Zizini walikuwamo wengine watatu wa namna ile, na majike wanaozaa walibaki wawili, wazee. Jirani yetu Mwamina, aliyekuja kuomba chumvi, alisema zizi limetupiwa kitu.

"Kilichotupwa hapa ni macho yako," Mama akamjibu, akampa chumvi.

Bwana mifugo alipopita kutoka Nachingwea, alimuuliza Mama kama amewahi kuona mbuzi wa hivyo mwenye pembe. Mama alifikiri sana, akasema hajawahi. Basi, akaeleza yule bwana, mtoto akirithi ukipara kwa baba na kwa mama pia, akiwa jike, ujike wake hauendi mpaka mwisho. Mzazi mmoja akiwa na pembe, haitokei. Akashauri beberu mwenye pembe. Mama akamwonyesha jicho la Lukumani. Bwana mifugo akaaga.

Miezi ikapita bila jike jipya. Asubuhi moja Lukumani alirudi kutoka Chunyu akivuta beberu wa kuazima, pembe kama mikono ya kuomba dua. Mama alisimama mlangoni pa zizi na fimbo mkononi.

"Mama, wale wawili wakifa, zizi limekwisha. Fungua."

"Na macho ya mwanao?"

"Zuena atakaa ndani mpaka huyu arudi kwao."

Akafungua. Siku tatu alikaa mlangoni, fimbo magotini, akila palepale. Siku ya nne beberu alirudi Chunyu.

Baada ya miezi mitano walizaliwa wanne. Mama aliwaangalia nyuma kwanza, kichwani baadaye. Majike watatu, kamili. Wawili wakaota pembe. Nilingoja awapeleke sokoni. Badala yake alimfuata bwana mifugo hadi Nachingwea, akamuuliza neno moja tu: huyo mzazi mwenye pembe ni lazima awe baba? Akaambiwa hata mama anatosha.

Kwa hiyo beberu wetu bado ni kipara. Wenye pembe ni majike, na mmoja ni wa Zuena. Mama amewachomekea magunzi ya mahindi kwenye ncha za pembe. Zuena, ambaye sasa ana miaka mitatu, huyachomoa. Mama huyarudisha.