Mjusi Anayefumba Macho

Asubuhi ile nilitoka Ukunda bila kujua niendako. Bustani ya hoteli niliyokuwa nikiifyeka kule Diani haikunihitaji tena, watalii walikuwa wamepungua, na chumba changu alikwisha kukitaka mtu mwingine. Nikatia shati na kitabu katika mfuko wa nailoni, nikashika njia ya kusini kwa miguu.

Kitabu hicho nilikiokota kwenye taka za hoteli, bila jalada. Kilihusu mijusi wa Asia, kundi moja tu: wenye miili inayong'aa kama iliyopakwa mafuta na vijiguu vifupi vya kuchekesha. Shule niliiacha mapema na Kiingereza changu kilichechemea, lakini michoro niliisoma. Hapa kope la chini, hapa tundu la sikio, hapa magamba yalivyolaliana kama makuti ya paa. Nilichoelewa ni kwamba wataalamu wenyewe walichoshwa na kundi hilo. Zamani kila mjusi wa miguu mifupi alitupwa humo, awe wa Java, wa Burma, hata wa huku kwetu. Kisha wakaja wengine, wakawatoa mmoja mmoja wakisema huyu si ndugu wa yule. Anayeishi mchangani miguu humfupikia tu, ukoo wowote awe.

Nilipita Kinondo. Lori la mawe likanibeba hadi Msambweni, na kutoka hapo nikaburura miguu. Ilipofika alasiri nilikuwa karibu na Bodo, magoti yamegoma. Muuza duka akanielekeza kwa mama mmoja mjane, mwenye chumba kitupu uani.

"Hodi!"

"Karibu, lakini usiingie!"

Nikachungulia. Mama alikuwa amesimama juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, kanga ameipandisha. Mbele ya mlango wa chumba palikuwa na lundo la makuti makuukuu, na mzee mmoja ameliinulia jembe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Simama hapo hapo. Huyu shemeji yangu ataka kuua asichokijua."

"Ni nyoka, shemeji."

"Ana miguu! Nimeiona mimi."

"Nyoka akizeeka huota miguu."

"Mbona wewe umezeeka hukuota akili? Akiwa nyoka, piga. Akiwa mjusi kafiri, piga, upate thawabu. Lakini ukiniulia mjusi Islamu, yule mwema wa mchangani, uani kwangu, dhambi yake utaibeba wewe."

Nikasema, kwa Kiswahili changu cha bara, nimekuja kutafuta chumba.

"Chumba ndicho hicho," akasema mama. "Ila akiwa ni nyoka sikupi. Nyoka ana mwenziwe. Akiuawa huyu, yule atakuja kumtafuta kitandani kwako, nami sitaki maiti ya mgeni."

Sikuwa na nguvu ya kutafuta nyumba nyingine. Nikaweka mfuko chini, nikapiga magoti, nikaanza kuondoa makuti.

"Mwache," mzee akasema. "Wa bara hawa hula kila kitu. Pengine ana njaa."

Chini ya kuti la mwisho akachomoka. Nilipomdaka, mkia ulikatika. Ukaanguka mchangani ukarukaruka peke yake, na mzee akaruka nyuma na jembe lake.

"Mama wee!"

"Kimbia, shemeji! Mkia huo unakufuata!" Mama alicheka hadi akashikilia ukuta.

Aliyebaki mkononi alikuwa wa kahawia, anateleza, vijiguu vyake vikipapasa vidole vyangu. Nikamwonyesha mama tundu la sikio.

"Hata kafiri ana sikio," akasema. "Hilo halinitoshi."

Nikamgusa polepole karibu na jicho. Kope la chini likapanda, likafunika.

"Nyoka hana kope, mama. Kafiri wa ukutani naye hana. Jicho lake hulilamba kwa ulimi. Huyu anafumba."

Akashuka kwenye kibao, akainama, akangoja hadi kikafumba tena kile kijicho.

"Kweli anafumba," akasema taratibu. "Kama mtu aliyechoka. Huyu Islamu. Mrudishe."

Kitabuni angepewa jina gani, sikujua. Nikamwachia chini ya makuti.

"Shemeji, weka jembe. La, kwanza ufukie huo mkia." Kisha akanigeukia. "Kamba za kitanda zimelegea, utavumilia. Maji yako mtungini. Makuti hayo usiyaguse, yeye ndiye aliyekutangulia."

Jua lilikuwa bado halijatua. Nililala na viatu miguuni.